Kotisoni: njia ndefu ya kufika mapafuni

Mwaka 1900 daktari mmoja wa Philadelphia, Solomon Solis-Cohen, aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kwamba alikuwa akiwatibu wagonjwa wa pumu kwa vidonge vya tezi za wanyama. Tezi zenyewe ni zile mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, ambazo wataalamu huziita adrenali. Zilikaushwa, zikasagwa, zikafungwa kama kidonge, mgonjwa akameza. Baadhi yao walipata nafuu. Solis-Cohen aliamini kwamba ndani ya tezi mna kitu kinachokaza mishipa ya damu iliyolegea, na kwamba kulegea huko ndiko kunakoleta pumu.

Muda si mrefu Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyefanya kazi Marekani, akakitoa kitu hicho kikiwa safi. Kilipewa jina la adrenalini. Kufikia mwaka 1903 madaktari wa New York walikuwa wanaidunga kwa wagonjwa wa pumu na kuona kifua kikifunguka kwa dakika chache. Nani tena angehangaika na vidonge? Vikasahaulika. Lakini adrenalini ikimezwa huharibiwa tumboni na kwenye ini kabla haijafika popote. Basi kama wagonjwa wa Philadelphia walipona kweli, hawakuponywa na adrenalini. Wapo wanaosema kwamba Solis-Cohen aliwapa steroidi, yaani homoni nyingine ya tezi hizo hizo, bila kujua, nusu karne kabla ya wakati wake. Mimi nasita kidogo, kwa sababu tezi ya adrenali haiweki akiba ya steroidi: huitengeneza homoni hiyo pale inapohitajika na kuimwaga kwenye damu. Tezi iliyokaushwa ina kiasi kidogo mno. Hata hivyo, alikuwa anagonga mlango wenyewe hasa.

Kwamba tezi hizo ni uhai kulijulikana tangu mwaka 1855, pale Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alipoeleza ugonjwa wa watu waliodhoofika, wakageuka rangi ya ngozi na kufa, na maiti zao zilipopasuliwa zikakutwa tezi zimeharibika. Mwaka uliofuata mtafiti Brown-Séquard aliwatoa wanyama tezi hizo na wote wakafa. Sehemu ya ndani ya tezi ndiyo inayotoa adrenalini. Gamba la nje ndilo lisiloweza kukosekana, na ndilo lililowashinda wakemia kwa miongo mingi.

Kazi ya kulichambua gamba hilo ilimwangukia Edward Kendall, mkemia wa Mayo Clinic katika mji wa Rochester, Minnesota. Kendall alikuwa na mapatano ya kibiashara yenye akili. Kampuni ya Parke-Davis ilimletea tezi za ng'ombe kutoka machinjioni. Yeye aliwatolea adrenalini, nao wakamwachia gamba afanye atakavyo. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa ameshatenga vitu kadhaa vinavyofanana sana, akavipa herufi: A, B, C, D, E, F. Upande wa pili wa bahari, nchini Uswisi, Tadeus Reichstein alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo. Tani nzima ya tezi za ng'ombe ilimpa gramu chache tu za fuwele za kuchunguza. Kitu E cha Kendall kilikuwa pia kwenye orodha ya Reichstein kwa jina jingine. Hakuna aliyejua kina faida gani.

Ndipo vita ikaja na uvumi wake. Ilisemekana kwamba Wajerumani wananunua tezi za ng'ombe kutoka Argentina ili marubani wao waweze kuruka juu sana bila kuzidiwa na ukosefu wa hewa. Habari hiyo haikuwa na ukweli, lakini serikali ya Marekani ilifungua mfuko. Mwaka 1944 kijana wa kampuni ya Merck, Lewis Sarett, akafanikiwa kutengeneza kitu E kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Kila hatua ilipoteza sehemu ya malighafi, na kilichobaki mwishoni kilikuwa cha kupimwa kwa miligramu. Nadhani ni mara chache uongo wa kivita umezaa dawa nzuri namna hii.

Aliyejua la kufanya na miligramu hizo alikuwa daktari wa baridi yabisi palepale Mayo, Philip Hench. Tangu mwaka 1929 alikuwa ameona jambo lisilomtoka kichwani: mgonjwa wake mmoja, naye daktari, alipata umanjano, na maumivu ya viungo yakaondoka. Wanawake wengi wenye baridi yabisi walipata nafuu wakishika mimba. Hench akahisi kwamba mwili una kitu chake unachokitoa nyakati hizo. Mwaka 1941 yeye na Kendall walikubaliana kujaribu kitu E siku kitakapopatikana cha kutosha. Siku hiyo ilikuwa tarehe 21 Septemba 1948. Mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani bila uchungu, alidungwa miligramu 100. Siku ya nne alitembea. Baada ya wiki moja alikwenda mjini kufanya manunuzi.

Dunia ilipata habari mwezi Aprili 1949, na mwaka 1950 Kendall, Reichstein na Hench walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Kitu E kikaitwa kotisoni. Hench mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alisema hii si tiba ya kuung'oa ugonjwa, dawa ikikatwa maumivu yanarudi. Magazeti hayakuwa na nafasi ya maneno hayo.

Wagonjwa wa kifua hawakusubiri. Mwaka huohuo wa 1949, madaktari wa Johns Hopkins mjini Baltimore waliwadunga wagonjwa wachache wa pumu homoni iitwayo ACTH, inayotolewa na tezi iliyo chini ya ubongo na kuziamrisha adrenali zifanye kazi. Ilitengenezwa na wachinjaji wakubwa wa Chicago kutokana na nguruwe. Watu waliokuwa wakihema kwa miezi walipumua. Makohozi mazito yakaisha, na mluzi wa kifuani ukanyamaza. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba pumu inaweza kuzimwa kwa siku nyingi mfululizo, si kufunguliwa kwa saa mbili na kufunga tena.

Tatizo lilikuwa bei, na hapa ndipo Tanga na Pwani ya Kenya zinapoingia katika historia ambayo kwa kawaida husimuliwa kana kwamba yote ilitokea kati ya Minnesota na Uswisi. Mwaka 1949 gramu moja ya kotisoni iliuzwa dola 200. Nyongo ya ng'ombe isingetosha kamwe. Wamarekani walitafuta mimea. Wajumbe walitumwa Afrika kusaka mbegu za strofanto, mmea ambao sumu yake ilipakwa kwenye mishale. Huko Mexico, viazi vikuu vya porini alivyovigundua mkemia Russell Marker viligeuzwa kuwa projesteroni, na mwaka 1952 kampuni ya Upjohn ikaona kwamba ukungu wa kawaida unaweza kuichomeka oksijeni mahali panapotakiwa kwenye molekuli, kazi iliyowatoa jasho wakemia.

Uingereza ya baada ya vita haikuwa na dola za kununulia kotisoni ya Marekani. Ilikuwa na mkonge. Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Miche elfu moja ilitoka Florida, na iliyofika hai ni 62 tu, lakini kufikia miaka ya 1950 mashamba yalikuwa yameenea kutoka Tanga hadi Kilosa na kuvuka mpaka kwenda Kenya. Mwenye kuyajua mashamba hayo anajua pia harufu yake. Jani likipita kwenye korona, mtambo unaolisaga na kulikwangua, singa zinazobaki ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kingine chote ni maji ya kijani na makapi, yanayotiririka kwenye mifereji na kuchacha. Maji hayo huwasha ngozi. Wafanyakazi, wengi wao manamba walioletwa kutoka mbali, waliyajua kama kero.

Mwaka 1951 wakemia wa taasisi ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London, akiwamo R. K. Callow na John Cornforth, walichapisha kwamba taka hizo zina hekojenini, na kwamba zinaweza kuwa chanzo chake. Hekojenini ni molekuli yenye umbo la steroidi, na kinyume na ile ya viazi vya Mexico, yenyewe tayari ina oksijeni kwenye duara la tatu, nafasi moja tu pembeni ya pale kotisoni inapoihitaji. Ilikuwa kazi ya kuisogeza. Maji ya mkonge yaliachwa yachache kwa wiki moja, tope lililotuama likapikwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, likachujwa na kukaushwa hadi likawa unga wa kahawia. Unga huo ulikuwa na hekojenini kama asilimia 12. Kampuni ya Glaxo iliufanya kuwa malighafi ya steroidi zake, kwanza kotisoni, baadaye betamethasoni. Ukitazama mirija ya dawa ya ngozi iliyouzwa Uingereza miaka ya 1960, sehemu ya kilichomo ilianzia kwenye mfereji wa taka.

Bei ikashuka, dawa ikamwagika, na madhara yakajitokeza. Uso uliojaa na kuwa wa duara, tumbo, ngozi nyembamba inayochubuka kwa kuguswa, mifupa inayovunjika, sukari kupanda, vidonda vya tumbo, watoto kudumaa. Kubwa kuliko yote, tezi za mgonjwa mwenyewe, zikiona damu imejaa homoni kutoka nje, huacha kazi. Mgonjwa akiacha vidonge ghafla, anaweza kufa kama wale wa Addison. Prednisoni ilipotoka mwaka 1955 na deksamethasoni miaka michache baadaye, zilikuwa na nguvu zaidi na hazikuzuia chumvi mwilini kama kotisoni, lakini uso wa duara ulibaki palepale.

Mwaka 1956 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza lilitoa majibu ya majaribio mawili. Kwa shambulio kali la pumu lisilosikia dawa nyingine, kotisoni ilisaidia. Kwa pumu ya kudumu, baada ya miezi kadhaa, waliopewa kotisoni hawakuwa na tofauti ya maana na wenzao. Madaktari wengi walisoma hilo na kufunga kitabu. Dawa ghali, yenye madhara, na kwa mgonjwa wa kila siku haina faida.

Hakufunga kitabu Harry Morrow Brown. Alikuwa daktari wa kifua mjini Derby, mji wa reli na viwanda katikati ya Uingereza, si mahali palipotarajiwa kutoa habari za kitabibu. Morrow Brown alikuwa na hadubini katika chumba chake cha kliniki, si maabara ya upande wa pili wa jengo. Mgonjwa alikohoa, makohozi yakawekwa kwenye kioo yangali mabichi, daktari akayatazama wakati mgonjwa ameketi palepale. Alichokuwa anatafuta ni eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu zilizojaa punje, ambazo zikitiwa rangi ya eosini huiva nyekundu na kuonekana wazi kati ya nyingine. Baadhi ya makohozi yalijaa seli hizo. Mengine hayakuwa nazo kabisa, ijapokuwa wote walioyatoa waliandikiwa pumu kwenye faili.

Akawapa wote prednisoloni, ndugu ya prednisoni. Mwaka 1958 alichapisha matokeo katika Lancet: wenye eosinofili walipata nafuu, wasiokuwa nazo hawakupata. Wengi wa kundi la pili walikuwa na mkamba wa kudumu, ugonjwa wa wavuta sigara na wavuta moshi wa viwandani. Jaribio la mwaka 1956 halikudanganya. Liliwachanganya watu wenye magonjwa mawili, nafuu ya kundi moja ikazama ndani ya kundi jingine. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kupita yote katika historia hii, kubwa kuliko hata sindano ya mwaka 1948, na lilifanywa na mtu mmoja kwa kioo na tone la rangi. Halikumpa tuzo yoyote ya Stockholm. Kwa miaka mingi wenzake hawakulijali.

Kwa nini eosinofili? Kwa muda mrefu pumu ilielezwa kuwa ni misuli ya mirija ya hewa kubana. Misuli hubana kweli, lakini ni matokeo. Chini yake kuna mwako: ukuta wa mrija umevimba, mishipa midogo ya damu inavuja, tezi za ute zinamwaga ute mzito, na seli za kinga zimekusanyika zikimwaga kemikali zinazochubua ngozi laini ya ndani. Adrenalini na jamaa zake hulegeza misuli na kuondoka. Steroidi huingia mahali pengine kabisa. Kwa kuwa ni ya asili ya mafuta, hupenya ukuta wa seli bila kubisha hodi, hukutana na kipokezi chake ndani, na wawili hao huingia kwenye kiini cha seli, penye jeni. Huko huzizima jeni zinazotengeneza ishara za mwako na kuziwasha zile zinazoutuliza. Eosinofili, zikikosa ishara za kuziweka hai, hufa. Mishipa huacha kuvuja. Vipokezi vya dawa za kulegeza misuli huongezeka, ndiyo maana dawa hizo hufanya kazi vizuri zaidi steroidi ikiwepo. Kwa kuwa yote hupitia kwenye jeni, huchukua saa, wakati mwingine siku. Mgonjwa anayetaka kupumua sasa hivi haoni kitu, na hilo limeigharimu dawa hii sifa hadi leo.

Kilichobaki kilikuwa kuifikisha mapafuni bila kuipitisha mwili mzima. M. L. Gelfand alijaribu kuivukiza kotisoni mwaka 1951, lakini haikwenda mbali. Mwaka 1956 kampuni ya Riker ya Marekani ilitoa kopo dogo la gesi lenye vali inayotoa kiasi kilekile kila ikibonyezwa. Inasimuliwa kwamba binti wa miaka 13 wa mkuu wa kampuni, George Maison, mwenye pumu, aliuliza kwa nini dawa yake isipulizwe kama marashi ya nywele. Steroidi za kwanza kutiwa kwenye makopo hayo, deksamethasoni ikiwamo, ziliingia kwenye damu kupitia mapafu na kuleta madhara yaleyale. Wakati huohuo, miaka ya 1960, vifo vya pumu vilipanda Uingereza, Australia na New Zealand, na lawama nyingi zikaiangukia isoprenalini kali, dawa ya kulegeza misuli, iliyopulizwa kwa makopo kama hayo. Wazo la kumpa mgonjwa kopo jingine halikuwa na wapenzi.

Suluhu ilitoka kwenye marhamu. Glaxo ilikuwa na beklometasoni, ndugu ya betamethasoni, iliyouzwa kwa magonjwa ya ngozi. Sifa yake ni kwamba hufanya kazi kwa nguvu pale inapogusa, na sehemu kubwa ya inayomezwa huharibiwa na ini. Timu ya David Jack, mtafiti wa kampuni hiyo, ikaitia kwenye kopo, na aliyepewa kuijaribu alikuwa Morrow Brown. Alijua achague wagonjwa gani: aliwapima makohozi kwanza. Ripoti yake ya mwaka 1972 katika jarida la madaktari wa Uingereza ilihusu wagonjwa 60. Kati yao 37 walikuwa hawawezi kuishi bila vidonge vya steroidi, na 28 kati ya hao waliachishwa vidonge pole pole. Nyuso zilirudi umbo lake. Dhara lililoonekana zaidi lilikuwa utando mweupe wa fangasi mdomoni, na kusukutua maji baada ya kuvuta hulipunguza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa kawaida. Wasweden walileta budesonidi. Miaka ya 1980 madaktari wa Finland walichukua vipande vidogo vya ukuta wa mirija ya wagonjwa wa pumu hafifu na kukuta mwako hata kwa wale waliojiona wazima, na mwaka 1991 Tari Haahtela na wenzake wakaonyesha kwamba kuanza steroidi ya kuvuta mapema ni bora kuliko kutegemea dawa ya kulegeza misuli. Mwaka 2000 Samy Suissa, akichambua kumbukumbu za Saskatchewan, Kanada, alikuta kwamba kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta kwa mwaka liliambatana na hatari ya kifo cha pumu kupungua kwa asilimia 21. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ulikata shauri: mtu mzima asitibiwe tena kwa salbutamoli, dawa ya kulegeza misuli, peke yake.

Somo la Derby lilirudi mwaka 2020 katika ugonjwa mwingine. UVIKO-19 ilipoua, wengi hawakuuawa na kirusi chenyewe bali na mwako uliojaza mapafu maji. Steroidi kwa mapafu yaliyojaa namna hiyo zilikuwa zimebishaniwa kwa miongo. Peter Horby na Martin Landray wa Oxford walizijaribu kwa kura katika hospitali za Uingereza: wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku, wengine 4,321 wakapewa matunzo ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni, kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikusaidia, na takwimu zilielekea kwenye madhara. Mapema mno, kirusi bado kinahitaji kupigwa vita na kinga. Steroidi huilaza kinga hiyo. Wangehesabiwa wote kwa pamoja, faida ingeonekana ndogo tu.

Mwaka uliofuata nchini India, steroidi zilipotumika kiholela, mara nyingi kwa watu wenye kisukari, fangasi wa mukori walikula nyuso na macho ya maelfu. Hapa kwetu Afrika Mashariki deksamethasoni haikuwa tatizo kuipata. Ni dawa ya bei ndogo, iliyokuwa kwenye makabati ya wodi kwa miaka mingi. Iliyokuwa haba ni oksijeni, yaani kile hasa kinachomtambulisha mgonjwa anayefaa kupewa dawa hiyo.

Na kwenye pumu mambo yamegeuka kinyume. Vidonge vya prednisoloni vinapatikana katika duka la dawa la kijiji kwa shilingi chache, salbutamoli vilevile, hata ya vidonge. Inhela ya steroidi, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo inayokosekana, au ikipatikana bei yake inameza kipato cha siku kadhaa. Mgonjwa anafika usiku akihema, anapewa mvuke, anaandikiwa prednisoloni ya siku tano, anarudi nyumbani, na mwezi unaofuata anafika tena kwa hali ileile.